Kikanda cha Mama

Katika juma la pili la Kwaresima ya mwaka huu, nilipokuwa nikifundisha dini katika darasa la sita, mtoto mmoja aliinua mkono akaniuliza: «Mwalimu, je, ni halali kula kikanda siku ya Ijumaa?» Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, bali akaongeza: «Kwa maana watu husema kikanda ni nyama, nasi tumekatazwa nyama.»

Nilimjibu upesi, kama sisi walimu tufanyavyo tupatapo swali tunalolidhani rahisi. Nilimwambia kwamba Kanisa lakataza nyama ya wanyama na ya ndege, wala halikatazi kitu kiotacho shambani au porini, hata kama chafanana na nyama kwa rangi na kwa ladha. Nikamweleza tena kwamba sheria hiyo, kama ilivyoandikwa katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, huwafunga wale waliokwisha kutimiza miaka 14, naye ana miaka 11 tu. Mtoto akaketi, ameridhika. Lakini jioni, nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa miguu, swali lake lilinifuata njia nzima, kwa kuwa lilikuwa limegusa jambo moja la zamani ambalo sikupenda kuliangalia.

Ndugu wasomaji wa Kivu na wa Maniema labda hawakijui kikanda. Basi yafaa niwaeleze kwanza. Kwetu, katika mabonde ya majani yaliyo katikati ya mapori ya miombo, mahali maji yatuamapo wakati wa mvua, huota mimea midogo yenye maua mazuri, ya jamaa ya okidi. Wataalamu huigawa katika koo za Disa, Satyrium na Habenaria. Mama zetu huigawa kwa njia yao wenyewe: hii yashika, hii haishiki, yaani unga wake wagandamana chunguni au haugandamani. Chini ya ardhi kila mmea una viazi vidogo, ukubwa wa kidole gumba au kupita kidogo. Hivyo ndivyo vichimbwavyo, vikaoshwa, vikaanikwa juani, vikatwangwa kinuni mpaka viwe unga.

Karanga nazo hutwangwa mbichi. Maji huchemshwa pamoja na chumvi, pilipili na magadi kidogo, au maji yaliyochujwa katika majivu. Humo hutiwa unga wa karanga na unga wa viazi, huku mwiko ukizunguka bila kupumzika, mpaka vyote viwe kitu kizito chenye kuvutana. Ndipo chungu hufunikwa. Makaa huwekwa chini yake na mengine juu ya kifuniko, nacho huiva polepole kama mkate. Kikipoa, hukatwa kwa kisu. Ndani kina rangi ya udongo mwekundu, nacho chashikamana kama soseji nene. Ndiyo maana ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, watu hukiita polony ya Kiafrika. Lakini hakina hata unyuzi mmoja wa nyama.

Sasa nitasema lile nililolificha.

Nilipokuwa na miaka 13 nilikuwa mwanafunzi wa seminari ndogo. Dominika moja kwa mwezi wazazi waliruhusiwa kututembelea. Mama yangu alisafiri juu ya lori lililopakia magunia ya makaa, akashuka njia panda, akatembea muda wa saa mbili, kichwani amebeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe ambacho kando zake alikuwa amezidarizi mwenyewe kwa uzi wa buluu. Ndani ya beseni mlikuwa na kikanda kizima, kimeviringishwa katika majani ya mgomba, bado kina uvuguvugu wa jua.

Wenzangu wakakusanyika. Baadhi yao walikuwa watoto wa mjini, na wazazi wao walikuwa wamewaletea mikebe ya nyama na mikate. Mmoja akafunua kitambaa, akachungulia, akasema: «Kumbe! Nyama ya maskini!» Wote wakacheka, kisha akanigeukia akaniuliza: «Je, kwenu mnakula hiki?»

Nikajibu: «Hapana. Mimi sikijui. Mwanamke mmoja wa parokia yetu ametuma.»

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, si mbali kuliko upana wa darasa. Hakusema neno. Alikikata kikanda vipande, akawagawia wale wavulana wote, nao wakala hadi wakamaliza (nawakumbuka walivyolamba vidole), kisha akakikunja kitambaa chake mara nne, akanibariki kwa alama ya msalaba kwenye paji la uso, akashika njia. Tangu siku ile alikuja mara nyingi kunitembelea, na kila mara aliniletea kitu: ndizi, viazi vitamu, mara moja kuku mzima. Kikanda hakuleta tena.

Miaka ikapita. Niliacha seminari, nikawa mwalimu, nikaoa, Mwenyezi Mungu akatujalia watoto wanne. Kila mwalimu wa nchi yetu ajua mshahara wake ulivyo, nami sitauandika hapa. Yatosha kusema kwamba nyumbani kwetu nyama huja kama askofu: mara chache, na kwa maandalizi makubwa. Basi mke wangu, ambaye ana akili ya nyumba kuliko mimi, alianza kununua dukani vile vipande vikavu vya soya ambavyo watu huviita nyama ya soya.

Mara ya kwanza alivipika kama nyama ya ng'ombe, yaani alivitupa vikavu katika mchuzi na kuvichemsha. Siku hiyo shemeji yangu alikuwa mgeni wetu. Alitafuna kwa subira, akatafuna tena, kisha akauliza kwa upole kama mnyama huyo alikuwa amekufa kwa kiu. Tulicheka sana, isipokuwa mke wangu, aliyekwenda siku iliyofuata kumwuliza sista wa kituo cha afya jinsi ya kuvipika.

Hili alilofundishwa nawaandikia akina mama wasomao, kwa maana ni la manufaa. Vipande hivyo hutengenezwa kwa unga wa soya iliyokwisha kukamuliwa mafuta; mashine huubana unga huo katika joto kali, ukatoka umejaa vitundu kama sifongo. Basi vyataka kutendewa kama sifongo. Uvimwagie maji ya moto yenye chumvi, uviache robo ya saa, uvikamue kwa nguvu kwa mikono miwili, umwage maji hayo, urudie mara ya pili. Hapo harufu ya maharage mabichi yaondoka. Kisha uvikaange katika mafuta na vitunguu mpaka kando ziwe kahawia, na baada ya hayo ndipo utie nyanya na maji kidogo. Kipande kilichokamuliwa vema hunywa mchuzi wako; kisichokamuliwa kimekwisha kushiba maji, nacho hakinywi kitu.

Soya ni chakula chenye nguvu. Katika gramu 100 za soya kavu mna kadiri ya gramu 36 za protini, ndiyo ile ijengayo mwili. Katika karanga kadiri ya 25. Katika maharage makavu kadiri ya 21 au 22. Na katika nyama mbichi ya ng'ombe kadiri ya 20. Lakini mtu asidanganyike na hesabu hiyo, kama nilivyodanganyika mimi nilipoiandika ubaoni kwa majivuno. Maharage hayaliwi makavu. Yakisha kupikwa yamejaa maji, na gramu 100 zake hazina protini zaidi ya gramu 9 hivi. Kwa hiyo mtoto yampasa apate sahani nzuri ya maharage pamoja na bukari yake, si vijiko viwili. Mahindi na maharage hukamilishana, kila kimoja kikiongeza kile mwenzake alichopungukiwa. Na kuna kitu kimoja, vitamini B12, ambacho mimea hii yetu ya bustani na ya porini haitupi. Kwa hiyo nyumba isiyopata nyama isiache yai, wala maziwa, wala samaki wadogo wa ziwani.

Basi tuliishi hivyo, nami nilifurahi kwamba twala vema. Lakini nilikuwa na desturi moja mbaya. Wageni walipokuja, nilimwambia mke wangu aseme tu «nyama», asitaje soya. Mama, ambaye tangu baba alipofariki anakaa kwetu, alisikia hayo mara nyingi, akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya Dominika.

Jioni ile ya Kwaresima, baada ya swali la mwanafunzi, nilimkuta ameketi uani akichambua karanga. Nikaketi karibu naye, nikamwambia: «Mama, nataka utufundishe kupika kikanda, mimi na mke wangu na watoto.» Akanitazama kwa muda, akasema: «Viazi vyake huchimbwa mvua zikiisha. Tutakwenda mwezi wa sita.» Hakuongeza neno.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tulikwenda kijijini kwake, upande wa Kasenga: mama, mimi, na binti yangu mkubwa. Kulipokucha tulishuka bondeni. Umande ulikuwa baridi, majani yameanza kukauka. Mama, ambaye mjini hutembea kwa fimbo, huko alitembea kama msichana, akielekeza kwa mkono: hapa alichimba pamoja na nyanya yake, pale kulikuwa na maua ya rangi ya waridi yaliyofika magotini.

Lakini tulichokiona kilikuwa mashimo. Bonde zima lilikuwa limechimbuliwa kama uwanja waliopita nguruwe. Mzee mmoja wa kijiji alitueleza kwamba wanunuzi hufika kila mwaka na magunia, nao watoto na akina mama huchimba tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa fedha hiyo hulipa karo na dawa. Nani awalaumu? Zamani kikanda kilikuwa chakula cha sikukuu chache, na kila mwanamke alichimba kwa ajili ya chungu chake. Siku hizi mji mzima wala, na gunia halishibi upesi kama chungu.

Asubuhi nzima tulipata viazi saba. Mama alimwonyesha binti yangu jinsi mmea mmoja unavyobeba viazi viwili: kimoja cha zamani, kimekunjamana, ambacho kimeulisha mmea mwaka huu, na kingine kipya, cheupe na kigumu, kilichowekwa akiba kwa mwaka ujao. Hicho kipya ndicho watu wakitakacho. Aking'oaye basi achukua na mmea wa mwaka ujao. Nami nilimweleza mtoto yale niliyoyasoma: mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, hazina akiba yoyote ya chakula ndani yake, nazo haziwezi kuota zisipokutana udongoni na kuvu wa namna fulani wa kuzilisha, na hata zikiota, miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Kwa hiyo si kama muhogo, ambao ukikata kijiti na kukichomeka umepata shamba.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Upande wa kusini wa Tanzania kuna uwanda wa juu uitwao Kitulo, wenye maua mengi hata wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Huko nako viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni, vikapelekwa Zambia kuwa chakula hikihiki. Serikali ikaufanya uwanda huo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Na ule mkataba wa mataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, waitaja jamaa nzima ya okidi: kuzivusha mpakani kwataka hati. Nimewahi kusimama sokoni Kasumbalesa mbele ya mafungu ya viazi hivyo, wala sikuona mtu aliyeulizwa hati.

Tuliketi juu ya kichuguu kupumzika. Binti yangu alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikaona kwamba nisiposema wakati ule sitasema kamwe, nikaanza: «Mama, siku ile ya seminari...» Akanikatiza: «Nakumbuka.» Nikamwambia kwamba nilitenda vibaya, tena kwamba nililiungama kwa padri zamani, lakini kwake yeye sikuliungama. Mama akakung'uta udongo katika viganja vyake. Akasema: «Nilidhani umeona haya juu yangu. Baadaye nikasema, hapana, ni mtoto, ameona haya juu ya chungu. Lakini njia ile ya kurudi ilikuwa ndefu.» Kisha akachukua vile viazi saba, akaenda navyo penye udongo laini, akavifukia kimoja kimoja. «Saba havipiki chungu,» akasema. «Viache vilale.»

Tulirudi Lubumbashi mikono mitupu. Yawezekana msomaji aniambie kwamba ningaliweza kununua unga wake sokoni, nami nakubali. Akina mama wauzao vipande barabarani wanaununua. Lakini mama alikataa. Alisema hawezi kula bonde la mtu mwingine baada ya kuona la kwake lilivyo.

Ndipo mke wangu akasema: «Kama kikanda chafanana na nyama bila kuwa nyama, kwa nini tusijaribu kitu kifananacho na kikanda?» Nikaona ni mzaha, kumbe mwenzangu alikuwa amekwisha kufikiri. Akachukua karanga, unga wa soya, na unga wa muhogo wa kushikamanisha. Mara ya kwanza soya ilikuwa mbichi. Chungu kikanuka kama maganda ya maharage, na kisu kilipoingia, kila kitu kikavunjika. (Soya mbichi, tena, si ya kuliwa: ina vitu vizuiavyo tumbo lisifanye kazi yake juu ya protini, navyo hupunguzwa na moto wa kutosha.) Mara ya pili alikaanga soya kavu kwanza, polepole, mpaka ikawa na rangi ya kahawia hafifu na harufu ya karanga, akaitwanga, akaichekecha. Mama alikuwa ameketi kando bila kusaidia. Mara ya tatu aliinuka, akachukua mwiko mkononi mwa mkwewe, akasema: «Wewe wakoroga kama bukari. Hiki chataka kuvutwa.» Akapunguza muhogo, akaongeza karanga, akatia pilipili na magadi kwa kipimo cha vidole vyake, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko.

Kilipopoa tulikikata. Kilishikamana. Rangi yake ilikuwa ya manjano kuliko ile niijuayo, na chini ya jino kilikuwa laini zaidi. Watoto wakamzunguka kambo yao (ndivyo tuwaitavyo kwetu babu na bibi) wakingoja neno lake. Mama akatafuna, akameza, akanywa maji.

«Hiki si kikanda,» akasema.

Mke wangu akainamisha kichwa.

«Si kikanda,» mama akarudia, «wala si nyama. Ni soya na karanga. Ni kizuri. Mgeni akija, mwambieni ni soya na karanga.» Wakati wa kusema hayo hakunitazama mimi, nami nilimshukuru kwa hilo. Akala kipande cha pili, kisha akaenda katika chumba chake. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe, kimechakaa, na uzi wa buluu umebaki upande mmoja tu. Akaviringisha nusu iliyosalia katika jani la mgomba, akaifunga katika kitambaa, akaniwekea karibu na madaftari yangu.

Jumatatu nilikwenda nacho shuleni. Baada ya sala ya mchana nilikifungua mezani mbele ya darasa la sita, nikakikata vipande vidogo ili kila mmoja apate. Mtoto yule wa swali la Kwaresima akakinusa kwanza, kama ilivyo tabia yake.

«Mwalimu, ni kikanda?»

«Hapana. Ni soya na karanga.»

Akala. Akafikiri. «Nani amekipika?»

«Mama yangu,» nikasema, «pamoja na mke wangu.»

Akaangalia kitambani, akauliza kama kimebaki kingine.